Nywele Zangu za Msimu wa Pamba

Juzi nilirudi Bariadi kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikaingia saluni na mama. Yeye alinisindikiza tu, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa na shida ambayo ukiisikia utanicheka: nywele zangu nilizozipaka kahawia mwaka jana nilitaka zitiwe hailaiti, lakini mtu asijue kwamba zimetiwa kitu. Msusi akanipa simu yake yenye picha. Rangi ya asali, ya karameli, ya shaba, nyingine hata sijui zinaitwaje. Nilipekua mpaka kichwa kikauma, kila rangi naipenda na kuikataa papo hapo.

"Dada, sasa unataka ipi?" akauliza, kitana mkononi.

"Nataka ya jua. Ncha ziwe nyekundunyekundu za kiangazi, kama nilivyokuwa mtoto."

Maana niliwahi kuwa nazo, rafiki yangu, tena bila kwenda saluni. Nililelewa na bibi kijijini Nkololo, mama akiwa Lamadi anauza dagaa. Nauzungumzia msimu wa pamba wa mwaka ule kabla sijaanza shule, hivyo hakukuwa na mwalimu wa kuniamuru ninyoe. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, pamba tu ndiyo iliyokubali. Watu wazima na binamu zangu walishinda wakichuma. Mimi nilikalishwa juu ya gunia, chini ya kibanda cha nyasi, nikisikiliza maganda makavu yakikwaruza na wanawake wakitaniana kwa Kisukuma. Niliambiwa nikae tu, nami sikubisha.

Asubuhi nilipewa uji wa karanga na dagaa waliotwangwa, unanuka ziwa kabisa. Jioni bibi alikamua ng'ombe wake wa pekee na maziwa yote yakawa yangu. Binamu walinuna. Mimi nilijiona malkia, kitumbo mbele, nywele laini zenye rangi ya tofali. Jirani akifika na salamu yake ya mwangaluka, bibi alinivuta magotini akasema kabla hajaulizwa, "Huyu amependwa na jua." Nilikua na maneno hayo. Hadi leo nikijitazama kwenye kioo huwa nayasikia.

Kisha mama akaja kwa basi na kiroba cha dagaa. Hata hakupumzika. Alinikalisha kwenye kigoda uani, akachukua wembe, akaninyoa upara. Nililia mpaka sauti ikakauka. Hasira ile sikuwahi kumwambia, lakini haikuisha: niliamini alinionea wivu.

Haya nilimsimulia msusi kwa mbwembwe zote, naye akacheka. Nikageuka ili nicheke na mama. Mama hakuwa anacheka.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema taratibu, "lile halikuwa jua. Ilikuwa njaa."

"Mbona bibi alisema..."

"Bibi yako alikuwa anawaziba watu midomo. Miguu ilikuvimba, ndiyo maana ukapewa maziwa yote. Ulikuwa unakaa tu, huchezi, hulii hata ukifinywa. Nilikunyoa ili nione zitaota rangi gani. Na ulipolia siku ile, nilimshukuru Mungu."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekaa kivulini. Binamu zangu ndio walioshinda juani, na nywele zao zilikuwa nyeusi tii. Inakuwaje kitu kama hicho kinapita mbele ya macho yako miaka yote? Lakini utamu wa yale maziwa bado ninao mdomoni, rafiki yangu, na siwezi kuuita uongo. Nilikuwa na furaha. Au nilikuwa mgonjwa mno nisiweze kujua tofauti? Wa kumuuliza hayupo. Bibi tulishamzika, ng'ombe na uzao wake waliuzwa, na pale penye kibanda sasa pamejengwa nyumba ya bati ya watu nisiowajua. Nimebaki na misimu miwili mahali pa mmoja, na sijui upi ni wangu.

Msusi, maskini, alikuwa bado amesimama. "Kwa hiyo tuweke ipi, dada?"

Mama aliinuka kwenye benchi, akaja nyuma ya kiti changu. Alizitenganisha nywele kwa vidole mpaka ngozi ikaonekana, akainama, akaangalia kwa muda mrefu pale zinapoanzia, kwanza utosini, kisha nyuma ya masikio. Nilimwona kwenye kioo akishusha pumzi.

"Zinatoka nyeusi," akamwambia msusi. "Mwekee yoyote anayoitaka."