Mzee Kiplimo na Chai ya Heshima

Kwa miaka kumi na minane, ni nadra mahari kujadiliwa kati ya Moiben na Kesses bila Mzee Johnstone Kiplimo kuketi upande mmoja kama msemaji. Ana sauti nzito, hana haraka, na hajawahi kukubali bei ya kwanza. Anaogopa kitu kimoja tu: sindano. Mara ya mwisho kudungwa alikuwa shuleni, na walimshika watu wanne.

Ndiyo maana Adoyo, muuguzi wa kliniki ya sukari mjini Eldoret, alipomwambia kwamba sukari yake imefika kumi na tatu, na isiposhuka atajidunga insulini tumboni kila siku, mzee alitii papo hapo. Akapewa daftari.

"Andika kila unachokula, Mzee. Kila kitu."

Nyumbani, mkewe Salina alishuhudia maajabu: ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga ya managu nusu sahani, chai bila sukari, na kikombe kimoja cha mursik, yale maziwa ya kibuyu, badala ya vitatu. Yote yaliandikwa.

Baada ya mwezi, Kiplimo alirudi kliniki akiwa amelikumbatia daftari kama cheti cha shule. Adoyo akampima. Kumi na nne. Akajaribu kidole kingine. Kumi na nne. Akafungua daftari.

"Mzee, hii Jumamosi hujaandika kitu."

"Sikula."

"Siku nzima?"

"Nilikuwa Kesses kwa mambo ya mahari."

"Na hamkupewa chakula?"

"Tulipewa! Wale ni watu wazuri sana. Chai vikombe vinne, mkate, wali, mbuzi, soda, halafu mursik."

Adoyo aliweka kalamu chini. "Na ukala?"

"Daktari, hiyo si kula. Hiyo ni heshima. Msemaji akikataa chai, wenye nyumba watasema msichana wao amekataliwa. Kula ni nyumbani kwangu."

Jumamosi zote nne zilikuwa tupu. Na Jumatano mbili.

"Sasa, Mzee," Adoyo alisema, "hiyo heshima ndiyo inapanda kwa mashine yangu. Njoo tarehe ishirini. Kama haijashuka, tunaanza sindano."

Jumamosi iliyofuata alitakiwa Moiben, kwa Mzee Birgen, kumsemea mpwa wake aliyekuwa akimposa binti wa Birgen.

"Waambie tu unaumwa," Salina alimshauri.

"Niseme naumwa, waseme ukoo wetu una ugonjwa? Msichana hatatoka."

Kwa Birgen, birika lilitangulia kabla ya salamu kuisha. Chai ilikuwa imechemshwa na sukari, na vikombe vilikuwa vya kutosha kunyweshea ndama. Kiplimo hakugusa chake. Mpwa akaanza kutazama viatu vyake. Kiplimo akasimama, akakohoa, akamgeukia mke wa Birgen kwa ile sauti nzito ya kujadili ng'ombe wa mahari.

"Mama, tunashukuru. Lakini tunaona mmetupangia vikombe vitatu kila mtu. Tunaomba mtupunguzie."

Birgen, ambaye wiki nzima alikuwa amejiandaa kubishana, aliketi wima. "Vitatu ndivyo vya nyumba hii. Hata baba yangu alitoa vitatu."

"Tunaheshimu. Sisi tunasema nusu, bila sukari."

"Nusu!" shangazi mmoja alipiga kelele kutoka jikoni. "Huyu ameanza kupunguza na hata hajafika kwa ng'ombe!"

"Viwili," alisema Birgen. "Na mkate."

"Nusu. Mkate tunawaachia watoto."

Upande wa Birgen ulitoka nje mara mbili kushauriana. Dakika arobaini zilipoisha, walikubaliana nusu kikombe bila sukari, lakini kijiko kimoja cha mursik hakingepunguzwa kamwe. Birgen alifurahia ushindi huo wa kijiko kiasi kwamba mambo ya ng'ombe yalichukua robo saa, wakapeana mikono.

Tarehe ishirini, mashine ilisoma kumi. Kwa ile Jumamosi, daftari lilisema: "Moiben. Heshima, chai nusu. Heshima, mursik kijiko."

"Imeshuka, kwa hivyo sindano ingoje," Adoyo alisema. "Lakini mwezi ujao nataka saba."

Kiplimo aliegemea kiti, akakunja mikono. "Tumekusikia, daktari. Sisi tunasema tisa."

Adoyo hakutoka nje kushauriana na mtu. Alifungua droo, akatoa sindano moja, akaiweka mezani kati yao.

"Saba," alisema Mzee Kiplimo.