Nilionja maji ya sukari kwenye practical ya osmosis, nikaitwa mwizi

Wakuu, habari za muda huu.

Nimepita kwenye uzi wa jamaa anayelalamika kwamba vijana wa sasa wanakariri tu. Nikacheka kwa hasira. Acha niwaambie sisi wa miaka ya tisini tulivyofundishwa kukariri, tena kwa fimbo. Siongezi chumvi, na mama yangu yupo Buzuruga, mzima wa afya, ni shahidi.

Nilikuwa form three, shule moja hapa Mwanza, jina nalihifadhi.

Ndiyo ile miaka kila kitu kiligeuka mchango. Dawati mchango, chaki mchango. Tukaambiwa practical ya osmosis imekaribia, kila mmoja alete sukari na viazi mviringo.

Mama alikuwa anakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu. Sukari yote iliyokuwepo nyumbani akaimimina kwenye mfuko wangu, wadogo zangu wakawa wanakunywa uji hivyo hivyo. Hakunung'unika. Alitaka niwe nesi, na practical ile ndiyo ilikuwa inaamua nani anabaki Science na nani anatupwa Arts.

Kwa waliosahau: unakata vipande vya kiazi vyenye urefu sawa. Kimoja unaweka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya sukari kidogo, cha mwisho kwenye sukari nyingi.

Kwenye maji matupu kiazi kinanyonya maji, kinakuwa kigumu. Kwenye sukari nyingi maji yanatoka ndani yake, kinasinyaa na kulegea. Basi, osmosis ndiyo hiyo.

Sukari zetu walikusanya walimu, sisi tukakuta maji yameshachanganywa. Sasa changu cha sukari nyingi kilitoka kigumu. Nikapima. Kimerefuka. Nikapima tena, kimerefuka.

Neema, niliyekuwa nakaa naye, akaninong'oneza: "We andika kimesinyaa. Kitabu si kinasema hivyo?"

Nikashika cha kwake. Kigumu vile vile, na ameshaandika kimesinyaa. Nikatupa macho meza za wengine. Darasa zima hivyo hivyo, wakuu.

Nikachovya kidole, nikaonja. Najua, maabara huonji kitu. Ila nilionja, na utamu haukuwepo. Yale yalikuwa maji ya bomba yaliyosalimiana na sukari kwa mbali.

Nikanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, haya ya sukari nyingi hayana sukari."

"Umejuaje?"

"Nimeonja, mwalimu."

Mnajua alijibu nini? "Kumbe ni wewe unayetumalizia sukari."

Nikachapwa mbele ya wenzangu. Nikapewa sifuri, kosa likaandikwa: wizi wa vifaa vya maabara. Walioandika wasichokiona wakapata tiki.

Mama akaitwa shuleni. Alikuja na khanga yake inayonuka mafuta ya samaki, akakalishwa ofisi ya walimu, mimi nimesimamishwa mlangoni. Mwalimu akasimulia wizi wangu kwa kirefu, na kwa heshima ya mgeni wakamimina chai wakampa.

Mama akapiga funda moja. Akaweka kikombe mezani taratibu.

"Walimu, chai yenu imekolea. Kwangu watoto hawajaonja sukari tangu niliyowaletea ninyi. Sasa nionyesheni huyo mwizi."

Mwalimu mmoja alivuta kikombe chake akakificha nyuma ya rundo la madaftari.

Mnadhani nilirudishiwa maksi? Thubutu. Nilipelekwa Arts, mwisho wa habari. Neema akabaki Science na leo ni nesi. Simlaumu, alifanya walichotaka wakubwa.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Igoma, nakula, nalala. Ila nikimpeleka mama kliniki, nikawaona wale wadada na sare zao nyeupe, nageuza uso najifanya nasoma matangazo ya ukutani. Sijawasamehe walimu wale na sioni aibu kulisema.

Nilichojifunza: mtoto akikuletea jibu lisilofanana na kitabu, kabla hujashika fimbo, onja kwanza yaliyomo kwenye chombo.

Haya, mliosoma enzi zile za michango, karibuni. Sukari zenu ziliishia kwenye vikombe vya nani?