Chawa Waliohama Kichwa cha Moraa

Mwenzangu wa chumbani anapojaza jiko lake mafuta ya taa, harufu hunifikia kabla sijasikia kifuniko kikifunguliwa, na mkono wangu hupanda kichwani wenyewe. Najikuna mahali pasiponiwasha. Yeye hucheka na kusema chuo kikuu bado hakijaniponya. Nimejaribu mara kadhaa kumweleza, lakini maelezo yanahitaji nafasi kubwa kuliko anayonipa, kwa hiyo nayaandika hapa.

Tuliishi kwenye mteremko juu ya Nyamache: Baba, Mama, mimi niliyekuwa darasa la pili, mdogo wangu Moraa ambaye hakuwa ameanza shule, na Magokoro, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, aliyekuwa na nyumba yake ndogo nyuma ya migomba. Baba alilima pareto. Maua yale meupe yalianikwa kwenye mikeka, yakikauka yakatoa harufu kali ya majani na vumbi iliyokaa puani siku nzima, kisha yakajazwa magunia na kupelekwa kwenye chama cha ushirika. Hakuna aliyetuambia kwamba huko yalikokwenda yalitengenezwa dawa ya kuua wadudu. Tulilala kando ya magunia hayo huku tukijikuna.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Niliuliza chawa hutoka wapi. Mwalimu alisema hutoka kwenye uchafu, lakini Mama alituogesha kwa sabuni kila Ijumaa mchana, kabla jua la Sabato halijazama, akitusugua masikio mpaka yakawaka moto. Magokoro alisema hutoka kwenye mawazo, kwamba mtu mwenye fikira nyingi damu yake huwa tamu. Nikamwuliza mbona mbuzi nao wana chawa. Mbuzi wanafikiria nini?

“Wanafikiria kisu,” akajibu, akaendelea kumenya ndizi.

Mwaka huo alifariki jirani yetu, Mzee Mogaka. Matangani niliketi karibu na miguu ya wanawake, mahali ambapo mtoto husikia kila kitu kwa sababu hakuna anayemwona. Magokoro alikuwa akieleza jinsi alivyokwenda kumjulia hali mzee siku moja kabla. Aliwaona chawa wakitembea juu ya kola ya shati lake, wakishuka, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waendao sokoni.

“Walikuwa wanamhama,” alisema. “Nilipoona hivyo nilirudi nyumbani nikamlilia kabisa, nikamaliza.”

Wanawake waliitikia kwa koo. Hakuna aliyeuliza swali. Hata mimi sikuuliza, na hilo linanishangaza mpaka leo.

Muda si mrefu baadaye ukaja ukaguzi shuleni. Mwalimu alipita kwenye mistari akiwa na kijiti, akifunua nywele zetu kama mtu anayetafuta mayai kwenye nyasi, bila kutugusa kwa vidole. Aliponifikia alisimama muda mrefu. Nilipewa ujumbe kwa mama yangu: nisirudi mpaka niwe safi.

Mama aliona aibu iliyomfika hadi kwenye sauti. Alikuwa mke wa shemasi, na mabinti zake walikaa viti vya mbele kanisani. Ijumaa hiyo alituketisha juani, akanigawanya nywele kwa kichana, akaona mayai meupe yameng'ang'ania mashina kama punje za chumvi. Alileta wembe. Nywele zangu zilianguka magotini mafungu mafungu, na Magokoro akaziokota unywele kwa unywele akaenda kuzitupa chooni, maana nywele za mtoto haziachwi zikapeperuka hadi mikononi mwa mtu mwenye roho mbaya.

Moraa aliponea chupuchupu. Alikuwa amechaguliwa kusema fungu la kukariri mbele ya kanisa, na alilia kwa uchungu mwingi kwamba hawezi kusimama huko na kichwa kama changu. Mama akamhurumia. Alimpaka mafuta ya taa kuanzia utosini hadi shingoni, akamfunga kitambaa, akatuamuru tumweke mbali na jiko na koroboi. Jioni ile yote nilimwangalia mdogo wangu kama mtu anayechunga nyasi kavu. Kila Baba alipowasha kibiriti roho yangu ilisimama.

Siku chache baadaye Mama alimchana tena, polepole, juu ya kitambaa cheupe. Aliinua uso akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

“Hakuna. Wamekwenda wote.”

“Wamekufa?” nikauliza.

“Mafuta ya taa hayavumiliki. Wamekimbia.”

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mimi sikuwa na wasiwasi na kichwa changu. Chawa wangu hawakunihama, walinyolewa pamoja na nyumba yao. Lakini Moraa alikuwa na nywele zake zote, nzuri, nzito, na chawa wake walikuwa wameziacha. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeisikia matangani kwa masikio yangu.

Sikumwambia mtu. Nilianza kumwangalia Moraa alivyokula, alivyolala, alivyokohoa. Akiacha chakula, mimi pia nilishindwa kumeza. Akichelewa kuamka nilimfinya. Mama alinigombeza kwamba namwonea mtoto, na nilikubali kugombezwa, kwa sababu kila alipolia nilisikia kwamba yungali hai.

Kisha nikapata dawa. Kama kuhamwa na chawa ndiko kulikokuwa kunamwua, basi ilikuwa ni kuwarudisha tu. Shuleni nilikaa dawati moja na Nyaboke, ambaye kwao walikuwa watoto wengi na mwalimu alikuwa amechoka kumfukuza. Wakati wa mapumziko nilimpeleka nyuma ya choo na kumwonyesha ndizi mbivu.

“Nipe chawa,” nikamwambia.

Alinitazama, akatazama kichwa changu kilichong'aa.

“Wa nini? Wewe utawaweka wapi, kwenye hilo yai lako?”

“Ni wa kufuga.”

“Watateleza, maskini. Lete ndizi.”

Alikuwa mkweli katika biashara. Aliniinamishia kichwa, na mimi nikawachagua walio wanene, nikiamini wangeishi zaidi, nikawatia kwenye kisanduku cha kibiriti. Nilirudi nyumbani nimekishika kama mtu aliyebeba yai la kasuku. Nilimkuta Moraa amelala kwenye mkeka alasiri ile, nikawamwaga taratibu nyuma ya sikio lake. Mmoja alisita kwenye ngozi, kisha akaingia msituni. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya aina ile tena. Usiku huo nilikula chakula changu na nusu ya chakula chake.

Furaha haikumaliza wiki. Ijumaa Moraa aliamka analalamika baridi wakati jua limewaka, na kufikia jioni mwili wake ulikuwa moto. Sabato asubuhi Baba alikwenda kanisani mapema kufungua milango. Mama alibaki, akimkanda kwa kitambaa cha maji. Homa zilikuwa nyingi kwetu, zilikuja na kuondoka, na Mama alisema tungoje Baba arudi ibada ikiisha. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na kichwa cha mdogo wangu. Nilimwona chawa wa kwanza akitoka kwenye nywele, akavuka kipaji cha uso kilichokuwa kikimeta jasho, akashuka kwenye mto. Kisha mwingine. Niliwatambua. Walikuwa wale wanene.

Nilijaribu kuwarudisha kwa kidole. Walitoka tena. Nikamrudisha mmoja mara ya pili, nikamfunika kwa unywele, na alikuwa bado anatoka Magokoro alipoinama mlangoni akiwa na kibuyu cha uji.

Alisimama hapo hapo. Aliweka kibuyu chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kilichojaa mno.

“Mbebe huyo mtoto,” alimwambia Mama. “Nenda dispensari sasa hivi.”

“Mama, baba yao hayupo, na leo ni Sabato.”

“Nimesema mbebe.”

Sijawahi kusikia Magokoro akimsemesha Mama namna ile. Moraa alifungwa mgongoni kwa leso, na nikawatazama wakishuka njia ya mashambani, wakipishana na watu wa kanisa waliovaa nguo zao safi, Mama akiwa na gauni la shamba na miguu mitupu. Hakugeuka kumsalimu yeyote.

Tulibaki wawili. Nilianza kutetemeka, na maneno yakatoka yenyewe: kwamba chawa wa Moraa walikuwa wamemhama tangu siku ya mafuta, kwamba mimi niliwarudisha, na sasa hata niliowaleta wamemkataa.

Magokoro alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukuonyesha kitu.

“Uliwatoa wapi?”

“Kwa Nyaboke.”

“Kwa akina Nyaboke wa pale mtoni?”

“Ndiyo.”

Alivuta pumzi, akafikiri.

“Basi hao ni wageni,” alisema. “Hawamjui Moraa. Wanatafuta njia ya kurudi kwao. Wangekuja kwangu, hata mimi wangenitoroka. Hao hawahesabiwi.”

“Kweli?”

“Kwani mimi nimewahi kukudanganya kuhusu chawa?”

Kisha akaketi kwenye kigoda, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunitafuta chawa. Vidole vyake vilipita kichwani mwangu kutoka mbele kwenda nyuma, vikisimama, vikifinya, vikiendelea. Nilitulia kabisa. Nilikuwa nimeamini. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi kwenye migomba na bado alikuwa akitafuta, na nikasinzia mikononi mwake.

Baba ndiye aliyekuja na habari. Alikuwa amepashwa kanisani na aliwafuata hadi dispensari. Moraa alikuwa amechomwa sindano ya malaria, amelazwa, na alikuwa ameomba ndizi. Mhudumu alisema ni vizuri hawakungoja jioni. Alisema pia maneno makali kuhusu chawa, na Mama alirudi nyumbani siku iliyofuata akiwa bado hajaelewa walitoka wapi, kwa sababu alikuwa amempaka mafuta yeye mwenyewe. Magokoro alimwambia chawa hutoka kwenye mawazo. Aliniangalia alipokuwa akisema hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa chuoni, mhadhiri alitueleza kwamba chawa hawastahimili mwili wenye homa kali. Joto likizidi huondoka kutafuta mwili mwingine. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kwa hiyo Magokoro aliona sawasawa kwenye kola ya Mzee Mogaka, ila chawa hawakujua habari za kifo, walijua joto tu. Na mimi nilikuwa nimekosea kila hatua, kuanzia hofu hadi dawa, na bado kama nisingewaleta wale chawa, asingekuwapo wa kuhama, na Magokoro angeweka uji wake na kuketi kungoja pamoja na Mama. Nimeligeuza jambo hili mara nyingi nikitafuta funzo ndani yake, na kila nikilikamata linaponyoka. Moraa, ambaye sasa yuko sekondari na anasuka nywele zake mwenyewe, anasema nimelitunga.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mhadhiri hakuweza kunifundisha. Magokoro aliamini yale aliyoyasema matangani. Alipowaona chawa juu ya ule mto, kwake Moraa alikuwa tayari anakwenda, na hakuwa na sababu yoyote ya kudhani chawa wa Nyaboke ni tofauti na wengine. Alilibuni lile jambo la wageni pale pale, kwa sababu mimi nilikuwa natetemeka. Nami nililala, yeye akabaki na imani yake peke yake, alasiri nzima, akingoja mtu atokee njiani na habari.

Nilikuwa nimenyolewa kwa wembe. Kichwani mwangu hapakuwa na hata unywele mmoja wa kutafutia.