Chokaa Kwenye Fizi

Mimi ni fundi wa tanuru la chokaa huko Kakontwe, mkazi wa mtaa wa Kikula. Zamani nilikuwa nafungua chupa kwa meno, watu wakinipigia makofi. Upumbavu mtupu, lakini meno yalikuwepo.

Kwanza ilikuwa damu. Nikasema mswaki ni mgumu, nikaacha kupiga mswaki. Fizi zikavimba, zikawa na rangi ya ini, nikibonyeza usaha unatoka. Mke wangu hakunificha: "Baba Kapinga, kinywa yako inanuka sawa nyama ya kuoza. Wende ku hôpital."

"Papa yangu naye alipotezaka meno," nikamjibu. "Ni damu ya kwetu."

Sisi wa tanuru tunaamini chokaa hukausha kila kitu. Tunaimwaga chooni, tunaipaka ukutani. Basi nikachovya kidole, nikaipaka kwenye fizi. Nililia kama mtoto. Nyama ilibabuka vipande vyeupe, na wiki ile meno mawili yalibaki ndani ya tonge la bukari, ugali wetu.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari wa meno, mama mmoja mpole, hakunicheka. "Papa, chokaa haiponyeshake, inaunguzaka. Mikrobe, tule tududu, njo ilianza. Kisha mwili yako yenyewe ikakula mufupa ya kushika meno." Akanieleza kuwa ndani ya chembe za fizi kuna nyuzi ndogo sana za RNA, nakala za vinasaba, ambazo zenyewe hazitengenezi protini; kazi yake ni kuamua protini zitengenezwe kiasi gani. Zikivurugika, uvimbe haupoi, mfupa unazidi kuliwa. Watafiti bado wanazichunguza, na kipimo chake hapa hatuna.

"Nilirithi?" nikauliza.

"Pengine kidogo. Ulete batoto mbio."

Akaning'oa meno mengi, yaliyobaki akayasafisha hadi mizizini. Tumbako niliyozoea kuvuta nikaitupa, maana alisema inazidisha ugonjwa. Maumivu ya kung'olewa siwezi kuyapamba.

Nilipofika nyumbani, binti yangu mkubwa, Kapinga, alikuwa anapiga mswaki uani. Akatema mate mekundu. "Papa, ni brosse tu njo iko nguvu."

Maneno yangu yaleyale. Niliogopa kuliko siku ya chokaa. Nikamshika mkono mpaka kwa daktari. Mfupa wake ulikuwa bado mzima.

Ndugu, ukitema damu, usisubiri. Mimi nimebaki na meno tisa, yeye anayo yote, na Mungu namshukuru kwa hayo yake. Kila asubuhi Kapinga anatema mbele yangu, nami naangalia mate kwanza, ndipo namwambia bonjour.