Albamu Iliyogoma Kwenye Ukimya

Fundi wa sauti alikuwa amerekodi watu wa kila aina, lakini hakuwahi kuona mwanamuziki anayeogopa ukimya. Huyu mpiga gitaa la roki, aliyezoea kupiga kwenye gereji ya nyumbani kwake, alikuja studio kurekodi albamu mpya akiwa amejizungushia nyaya shingoni kama skafu. Kabla ya kila wimbo alijifuta viganja kwenye suruali, akakohoa mara tatu, akaligongagonga gitaa mgongoni kama anayemcheulisha mtoto mchanga. Kisha akafungua kinywa, na ile sauti iliyotikisa mabati mtaani kwao ikatoka nyembamba kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Siku tatu zikapita hivyo, na studio alikuwa amepewa hadi Ijumaa tu.

“Humu hamna anayenikasirikia,” akalalamika siku ya nne, akapiga simu. Baada ya saa moja akaingia mama mkwe wake, mkoba kwapani. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akigonga ukuta wa gereji ili anyamaze.

“Mama, naomba ugonge kama kawaida,” mkwewe akamsihi, macho chini kwa adabu.

Mama akavua kiatu, akaufuata ukuta na kuugonga nacho. “Baba, punguza kelele, watu tunaumwa vichwa.”

Hapo hapo sauti ya mpiga gitaa ikafumuka, taa za kupima sauti kwenye mitambo zikawa nyekundu tupu, na fundi akasisimka mwili mzima. Wimbo ulipokwisha, akasema kwa upole kwamba ile milio ya kugonga ataifuta.

“Ufute nini?” mama akamuuliza. “Rudisha mwanzo. Pale kwenye kiitikio nilichelewa kugonga.”