Mbwa Wangu Kwenye Njia ya Ng'ombe

Watoto wangu huniambia nisijisifu. Nijisifu lini basi, nikishafukiwa? Mbwa yule nilimfundisha mimi, kwa mkono wangu huu, na katika Minjila yote ya miaka ile ya hamsini hapakuwa na mwanamke mwingine aliyethubutu hata kumfunga mbwa kamba. Nitasimulia na nitajisifu.

Mume wangu alikuwa akishinda mtoni na mitego yake ya samaki, shamba likabaki langu. Maji ya mafuriko yakishuka, nilipanda mpunga bondeni na mahindi juu kidogo. Nyani walikuja asubuhi kama wenye shamba, na jioni nguruwe mwitu. Nilipiga debe juu ya dungu, kichanja cha kulindia shamba, mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikapata mbwa, dume la rangi ya udongo, na nyani wakahama. Msimu ule tulivuna tukala, tukagawia na majirani.

Majirani hao hao walinung'unika juu ya unajisi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema mbwa wa kulinda shamba hana ubaya, ilimradi asiingie nyumbani wala asitie ulimi kwenye vyombo. Nikamjengea kibanda shambani, na kila alipolamba mkono wangu niliusugua kwa mchanga na maji. Wakanyamaza, au walau walisema nikiwa sipo.

Shida ilikuwa malka, ile njia ya mifugo kushuka mtoni, iliyopita ubavuni mwa shamba langu. Kiangazi kilipoingia, Waorma walileta ng'ombe wao kunywa maji, na mbwa wangu akaona ng'ombe ni nyani wakubwa. Akawaingia. Ndama mmoja akatumbukia kwenye tope akavunjika mguu. Mwenye ng'ombe, mzee mrefu mkavu, mkuki begani, alikuja mpaka chini ya dungu langu. Hakupaza sauti.

"Mama, hii mbwa leo mimi naacha, sababu shamba yako naona. Ikiingia ng'ombe tena, mimi naua."

"Nitamfundisha, mzee," nikamjibu.

"Mbwa nafundishwa?" Akacheka, akaenda zake.

Kicheko kile kiliniuma kuliko mkuki. Mume wangu akasema nimfunge mbwa tu. Lakini mbwa aliyefungwa hafukuzi nyani, na bila mbwa hakuna mavuno. Nikimwachia, atauawa. Tena nilimpenda, nasema waziwazi, ingawa siku zile mtu hakusema hivyo juu ya mbwa. Nikawa namfunga kwenye nguzo ya dungu kila nikisikia kengele za mbao za ng'ombe, huku nikiwaza.

Siku moja nilikwenda Garsen kuuza ndizi. Pale kivukoni, pantoni ikiwa ng'ambo, palikuwa na askari mgeni mwenye mbwa mkubwa wa serikali, shingoni mnyororo mwembamba. Watu walirudi nyuma, mimi nikasogea. Mbwa akitaka kuondoka, askari anauvuta mnyororo kidogo, unabana, na papo hapo anaulegeza. Wenzangu waliona kule kubana. Mimi niliona kule kulegeza. Mbwa yule alikuwa akitii ili alegezewe.

Nikarudi nikasuka kamba ya majani ya mkoma yenye kitanzi. Umande ukailowesha, ikavimba, ikabana isiachie. Mbwa akakohoa, akalala chini, akakataa kabisa. Ningemlegezeaje kwa kitu kisicholegea? Nikaikata kwa kisu. Kwa Mwarabu mwenye duka Garsen palikuwa na mizani mbovu imetundikwa ukutani. Nikampelekea mkungu wa ndizi, naye akanifungulia mnyororo wa sahani moja, na pete zake mwishoni.

Hata mnyororo nao una adabu yake. Nikiuvika upande mmoja uliteleza na kurudi, nikiuvika kinyume uliganda. Niliujaribu kwenye kifundo cha mkono wangu mpaka nikajua unavyouma na unavyoachia, ndipo nikamvika mbwa, nikamweka kushoto kwangu. "Kaa." Mvuto mfupi, nalegeza, namtupia kichwa cha kambare. "Kaa." Wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama kunitazama.

"Mwenzetu, sasa umeolewa na mbwa?"

"Huyu angalau akiambiwa akae, anakaa," nikasema, na wakaondoka wakicheka, maana kila mmoja alikuwa na wake nyumbani.

Tukaanzia kwenye mbuzi wa jirani, tukaendelea kwa ng'ombe wakiwa mbali, kisha karibu, mpaka mnyororo ukawa unaning'inia tu shingoni bila kazi.

Ndipo asubuhi moja ng'ombe wakatokea, nami nimesimama kando ya malka, mbwa amekaa miguuni pangu. Mzee alikuwa ametangulia. Akautazama mnyororo.

"Hiyo ndio nashika yeye, si wewe. Toa."

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimechoka na kile kicheko chake. Nikainama, nikauvua, nikasema "Kaa," nikarudi nyuma mpaka kwenye dungu. Mzee akasimama karibu na mbwa, mkuki mkononi.

Ng'ombe wakapita. Mbwa alitetemeka kuanzia mabegani mpaka mkiani. Ndama mmoja akatoka kwenye kundi, akaja kumnusa usoni. Mbwa akageuza macho, akanitazama mimi. Akakaa. Ndama akachoka, akamfuata mama yake.

Nimezaa, nimejenga, nimevuna, lakini fahari ya asubuhi ile sikuwahi kuionja kabla. Nilisimama nikimtazama mbwa wangu ndani ya vumbi, nikasahau nilipo.

Mzee ndiye aliyenizindua. Alikuwa ameugeuza mkuki, ncha imeelekea chini.

"Mama, ng'ombe nakwisha pita. Ambia yeye simama."

Nikafungua kinywa niseme "Twende," sauti ikakataa. Mzee akangoja. Mbwa naye akangoja, amekaa vilevile kwenye njia tupu, mpaka sauti yangu iliporudi.