Kopo la Karani wa Majengo

Karani wa majengo wa Gitega alikuwa amemchosha Mahmudu, mchomeleaji, mpaka basi. Kila alipokuja alitoa kopo la maziwa ya unga, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, akalifuta kwa tai yake ya shingoni, akalala kifudifudi kwenye ngazi aliyoichomelea Mahmudu na kulisukuma kati ya vyuma vya pembeni. Likipita, alisema kwa upole: "Rudia." Na vyuma vyenyewe Mahmudu alivifuata Muyinga kwa baiskeli, kila daraja wanajeshi! Mara ya tatu, bunduki zikalia upande wa Itaba. Wote wakajitupa chini. Karani alikuwa ameshalala, anasukuma kopo. Likapita.

"Watu wanakufa, we unapima ngazi!" Mahmudu akafoka, tumbo sakafuni.

Karani akalifuta kopo. "Masasi ya bunduki mi siwezi kuyazuia. Hii nafasi ya kupenya kichwa cha mtoto naweza. Rudia."

Mahmudu akatambaa kufuata msumeno, huku akitukana.